Mkwaruzo wa Risasi

Uru, Moshi
10 Septemba 2023

Mwanangu Irene,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wa huku hatujambo, ila mvua haijaonekana na migomba ya upande wa juu imeanza kukunja majani. Mama yako mdogo magoti yanamsumbua, mdomo uko salama. Mjukuu wangu Shiku umwambie babu yake bado anangoja ule wimbo wa Kiswahili alioahidi. Siku ile aliniimbia Kiingereza kwenye simu mpaka nikadhani nimefungulia redio.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa parokia yetu anayekwenda kumtazama mwanawe huko Maryland. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu jambo lenyewe sitaki lipite kwenye simu. Ni kile kitu cha babu yetu Ndesario, ile bastola. Unakumbuka, mkesha wa Krismasi mlikuwa mnapangwa mstari, mnaonyeshwa, mnagusa ule mkwaruzo wa risasi kwenye mpini, kisha inarudi darini.

Serikali imetangaza msamaha. Mwenye silaha bila kibali aipeleke polisi kabla Oktoba haijaisha, haulizwi neno. Mimi kwa umri huu jela siiwezi, kwa hiyo nitaipeleka. Lakini wakishaichukua wanaiteketeza, na ikishateketezwa, lile neno la nyumba ya Kisanga juu yetu halitapata jibu mpaka mwisho wa dunia.

Uliwahi kuniambia yule mzee Mmarekani unayemuuguza amekusanya bastola za Kijerumani na anajua kusoma alama zake. Basi msimulie vizuri, usiruke kitu. Kisanga na Ndesario walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wajerumani wakiwa bado bomani, Kisanga alikataa kwenda kubeba mawe ya barabara, akajificha kwenye pango juu ya mfereji. Askari walikwenda moja kwa moja mpaka alipolala, wakampiga risasi. Nyumba yake wanasema Ndesario ndiye aliyewaonyesha njia, na mkubwa wa boma akampa bastola kwa asante. Sisi tunasema aliipata miaka mingi baadaye, kwenye vita kuu ya kwanza pale Kahe, alipomnyang'anya askari wa Kijerumani mkononi wakipigana, risasi ikapita mpinini ikaacha ule mkwaruzo. Tangu hapo wakichinja fungu letu la nyama halitoki, tukizika hawaji, na mpakani, katikati ya vihamba vyetu vya migomba, walipanda ukuta wa mimea ya masale.

Pale kwao amebaki Shangazi Anna peke yake. Anaumwa tumbo kidogo. Juzi aliniita, yeye upande wake wa masale na mimi upande wangu, akasema: "Dunstan, kama chuma chenu kina alama, kisomwe. Zikisema alikipata vitani, nitawaomba radhi mbele ya watu kabla sijaondoka. Zikisema vingine, nataka kujua pia."

Nimeweka karatasi juu ya alama nikapitisha penseli, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Ndiyo hiyo iliyokunjwa ndani. Ifanyie haraka.

Baba yako mdogo,
Dunstan


Lanham, Maryland
1 Oktoba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Milele na milele, amina. Sisi wazima. Mugo amehamishiwa shifti ya usiku, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama majirani. Shiku anaelewa kila unachosema, ila anajibu Kiingereza tu. Baba yake naye akimsemesha Kikikuyu, ni vilevile. Nimechoka kugombana naye.

Huyo mzee anaitwa Harlan. Anakaa Herndon, ng'ambo ya mto, na foleni ya barabara kuu asubuhi inanitoa machozi. Amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Namwogesha, namkatia nyama, namsomea barua za benki. Mwaka wa pili huu, na sikuwahi kumwambia kwamba kwetu kuna kitu kama vya kwake. Nilipomwekea karatasi yako mezani aliniomba lenzi ya kukuzia.

Anasema kila kikosi cha Wajerumani kiligonga alama yake kwenye silaha zake: kwanza herufi za jeshi, kisha namba ya kombania, kisha namba ya silaha yenyewe, ili ikipotea ijulikane ni ya nani. Herufi zetu ni za jeshi lao la Afrika Mashariki. Kombania, kwa anavyoona, ni ile iliyokaa boma la Moshi. Usishtuke. Anasema kombania hiyo ilikwenda vitani pia, kwa hiyo askari wake angeweza kunyang'anywa Kahe kama babu alivyosema. Bado hajui.

Tatizo ni kwamba alama zimefutika. Aliuliza nani aliyeisugua. Nikamweleza kwamba bibi alikuwa anaisugua kwa majivu na limao kila Krismasi ili watoto waione inang'aa, na alipokufa ukaendelea wewe. Alifumba macho. Kwao kusugua silaha ya zamani ni kama kuivunja. "Wameipenda mpaka wameifuta," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Sasa anataka ufanye hivi. Washa mshumaa, pitisha mpini juu ya moshi mpaka ushike masizi. Kisha bandika selotepu juu ya alama, ikandamize kwa kidole, ibandue, uibandike kwenye kadi nyeupe. Fanya hivyo hivyo kwenye ule mkwaruzo. Nilimwambia ni wa risasi, akasema angependa kuuona.

Kuhusu Shangazi Anna, unasema tumbo kidogo. Anakula nini? Miguu imevimba? Macho yana rangi gani? Niambie kweli, hii ndiyo kazi yangu. Mama alipokufa, na wewe ukiwa bado kule kwenye mashamba ya miwa, huyo ndiye aliyekuwa ananipitishia kikombe cha maziwa kwenye pengo la masale kila jioni. Alikuwa anasema, "Kunywa hapa hapa, usiende nacho." Nyumba zetu hazikuwa zinakula pamoja, na yeye alinilisha. Mpaka leo sijui kama ulijua.

Mwanao,
Irene


Uru, Moshi
19 Oktoba 2023

Mwanangu Irene,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika kwa mkono wa shemasi, imekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Mvua imeanza, maharage yameota. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza kama huko mnapata ndizi za kupika za kweli au mnajidanganya.

Kazi ya mshumaa nimeifanya. Mama yako mdogo aliingia akanikuta nimepiga magoti mbele ya bastola na mshumaa unawaka, akaenda moja kwa moja kumwambia katekista kwamba nimeanza kuabudu vyuma. Mpaka leo ananitazama vibaya. Kadi mbili hizo hapo, moja ya alama na moja ya mkwaruzo. Masizi yameshika vizuri kuliko nilivyotegemea. Herufi ambazo sijaziona tangu nikiwa mtoto zimetoka. Nitaipeleka polisi wiki ya mwisho, pamoja na katekista huyo huyo, ili ajionee mwenyewe.

Shangazi Anna anakula uji. Miguu sikuiangalia, mimi si daktari. Amehamishia kitanda chumba cha mbele, dirisha linalotazama masale, na kila nikipita ananyanyua mkono. Haniulizi kwa mdomo. Ananyanyua mkono tu, na mimi natikisa kichwa kwamba bado.

Kuhusu kikombe, nilijua. Marehemu bibi yako ndiye aliyenionyesha lile pengo, akasema tulipite kama hatukuliona.

Usichelewe.

Dunstan


Lanham
12 Novemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia, miti yote ya mtaani imebaki mifupa na Shiku anakusanya majani mekundu anayabandika ukutani. Wiki iliyopita Mugo alinunua mkungu wa ndizi kwenye duka la Wakongomani. Mwambie Mama mdogo hazikuwa za kweli, tulijidanganya.

Bahasha yako nimeipata salama.

Shangazi Anna asipewe chumvi. Uji uwe mwepesi, apewe kidogo kidogo. Miguu muiweke juu ya mto. Akilalamika maumivu usiku, mpelekeni hospitali ya misheni wampe dawa ya maumivu, msimwambie avumilie. Nimemtumia Method fedha za dawa kwa simu, huyu mtoto wa kaka yake aliyeko Arusha. Mwambie Shangazi simsahau.

Mzee Harlan amekuwa na mafua, sikumwacha. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Irene


Uru, Moshi
5 Desemba 2023

Mwanangu Irene,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo naandika nikiwa na furaha, na kwenye mwandiko wenyewe unaiona.

Bastola nilishaipeleka. Kijana mmoja pale kituoni aliigeuza mara moja, akaandika "bastola moja, mbovu," akaitupa kwenye sanduku pamoja na magobole. Nilisikia uchungu, sikufichi. Nilibaki nimesimama pale mpaka katekista akanishika mkono.

Barua yako ilipokuja niliisoma mara nyingi nikitafuta lile neno, sikuliona. Kisha nikaelewa. Wewe tangu mtoto hujawahi kunificha jambo baya. Uliposhindwa mtihani ulinisubiri njiani uniambie kabla sijafika nyumbani. Kama alama zingesema vibaya ungeniambia kwenye mstari wa kwanza. Umenyamaza kwa sababu hakuna cha kuogopa, na mambo ya kazi yamekuzonga. Basi Shangazi Anna aliponyanyua mkono dirishani, mara hii sikutikisa kichwa. Niliingia nikamwambia: aliipata vitani.

Irene, ungekuwepo. Alimwita Method kutoka Arusha, akamwamuru achinje yule dume wa ng'ombe aliyewekwa kwa mazishi ya Anna mwenyewe. Watu wakajaa, padre akaja. Anna akasimamishwa na watu wawili, maana kusimama hawezi tena, akasema kwa sauti yake ile ile: "Tuliwasingizia. Babu zangu waliwasingizia, na mimi niliwasingizia kwa kunyamaza. Nisameheni." Kisha fungu letu likatoka, mguu wa nyuma mzima, fungu la ndugu wa tumbo moja. Mama yako mdogo alilipokea kwenye kanga mpya, akalia mpaka kanga ikalowa. Tulikula sote uwanja mmoja.

Kesho yake Anna aliagiza masale yang'olewe. Yote, mpaka mizizi. Method na vijana walifanya kazi siku nzima, wakayachoma. Sasa ukisimama mlangoni kwetu unamwona kitandani kwake. Anasema ukija anataka upite pale wazi, usipite kwenye pengo.

Hajambo sana. Tumbo linamsumbua tu.

Dunstan


Lanham
10 Desemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako tangu ile ya selotepu, na nimefurahi hujaandika, maana ningeshindwa kuifungua. Shiku mzima, Mugo mzima. Mimi silali.

Nilikuficha. Kadi zako mzee Harlan alizisoma siku ile ile zilipofika.

Ule mkwaruzo si wa risasi. Ni mstari wa patasi, umepigwa na fundi wa boma. Umenyooka, unaanza kwenye herufi ya kwanza na kuishia kwenye namba ya mwisho, na pembeni kuna muhuri mdogo wa aliyekagua. Bibi alisugua herufi zikafifia, mstari ukabaki kwa sababu ulikuwa na kina, na sisi tukaonyeshwa mstari peke yake. Mzee alinituma nifungue droo, nikamletea bastola yake moja. Akashika kidole changu kwa ule mkono mzima, akakipitisha juu ya mpini wake. Mstari ule ule, Baba mdogo. Niliujua kwa kidole kabla sijauona, kwa sababu nimeugusa kila Krismasi ya utoto wangu.

Jeshi likiitoa silaha kwa hiari, likimpa mtu, alama ya kikosi inakatwa hivyo ili asionekane ameiiba. Silaha iliyokatwa alama askari haibebi tena kazini. Kwa hiyo hakuna askari aliyenyang'anywa mkononi pale Kahe. Nimetafuta mlango mwingine wa kutokea. Nilimuuliza mzee kama haiwezekani ilipewa mlowezi, kisha babu akaipata kwa mlowezi. Akasema inawezekana, yeye hakuwepo. Kisha akaniuliza, "Lakini babu yako alisema aliipata kwa nani?" Nikasema kwa askari, mkononi. Babu alisema uongo kuhusu mkwaruzo, na mtu haongopi mpaka watoto wa watoto wake kama hana cha kuficha.

Naumia kwa ajili yako. Najua baba yangu alikufa akiamini, na wewe umeamini. Lakini Shangazi Anna alisema mwenyewe, zikisema vingine anataka kujua pia. Alinilisha wakati machoni pa nyumba yake tulistahili kufa njaa. Siwezi kumwacha aende na uongo wetu. Mwambie kabla hajachoka zaidi. Ukishindwa, msomee barua hii.

Ndani nimeweka jani la sale. Usicheke. Marehemu mke wa mzee Harlan aliununua mmea huu dukani, uko kwenye chungu kando ya televisheni, na muda wote huu naumwagilia bila kuutazama. Jana ndipo nilipouona. Nilimwomba mzee jani moja, akasema nichukue hata matatu, ni la nini? Nikamwambia kwetu ukimkosea mtu unampelekea hili, na akipelekewa hawezi kukataa. Aliutazama ule mmea. Kisha akasema angependa kuwa na mtu wa kumpelekea. Ana binti, ila hawapigiani simu tena.

Nimelifunga fundo kama bibi alivyokuwa akifunga. Mpe Shangazi Anna mkononi, kwa jina langu na la nyumba yetu yote. Yeye ndiye wa kulipokea.

Irene


Uru, Moshi
4 Februari 2024

Mwanangu Irene,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wa huku tupo. Maharage tumevuna machache. Mama yako mdogo anakusalimu, na safari hii hana utani.

Habari ya Shangazi Anna ulishaipata kwa simu. Alikwenda siku tatu kabla ya Krismasi, alfajiri, dirisha likiwa wazi. Ulilia kwenye simu, nami nililia, na si wewe wala mimi aliyekitaja kile kitu. Nyumba yetu ndiyo iliyobeba jeneza lake. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kulia, mahali pa ndugu. Wakati ule barua yako ilikuwa bado angani.

Ilifika baada ya arobaini kuanza kuhesabiwa. Niliisoma nyuma ya banda la ng'ombe. Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nikaitafuta asubuhi moja sikuiona. Nilichonacho ni aibu, kwa sababu hukuniambia uongo wowote, mimi ndiye niliyechukua ukimya wako nikaupeleka kwa mgonjwa kama habari njema. Mwanamke yule alisimamishwa na watu wawili atuombe radhi sisi. Nikifumba macho naiona ile miguu yake imevimba, niliyokuambia sikuiangalia. Niliiangalia, Irene. Tangu Septemba nilikuwa naiangalia.

Nikafikiri nilizike jani kaburini kwake, mambo yaishe. Mama yako mdogo akakataa. Akasema jani halipewi udongo, linapewa mtu. Nikatafuta jingine la kwetu, maana lako lilikuwa limekauka kingo kwa safari, nikakumbuka hakuna. Anna aliyang'oa yote kwa ajili yetu. Kati ya vihamba viwili vile hakuna sale hata moja lililosimama, ila hilo la kwako la kutoka kwenye chungu cha Mmarekani.

Basi nikangoja Method aje kutoka Arusha. Nikavaa koti, nikavuka pale palipokuwa na ukuta. Nikamweleza yote, nikamsomea barua yako. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema nyama mlishakula. Nikasema ndiyo, tulikula. Akasema na radhi shangazi alishawaomba. Nikasema ndiyo, na haikuwa yake kuiomba. Kisha nikamnyooshea jani.

Akalitazama. Unajua amekulia mjini, na kwao jani la sale halikuwa limepokelewa tangu enzi za Kisanga, maana hakuna wa kwetu aliyewahi kulipeleka. Akaniuliza, "Baba, nalifanyaje?" Hakuuliza kwa dharau. Hakujua kabisa, na aliyejua tulikuwa tumemzika.

Ikabidi nimfundishe mimi. Nikamwambia asimame, mkosaji ndiye anayeinama. Nikamwambia apokee kwa mikono miwili, aseme "Kwa jina la Kisanga nimelipokea," kisha alifungue fundo. Alikosea mara ya kwanza, akalishika kwa mkono mmoja, nikamrekebisha. Mara ya pili alisema vizuri. Fundo lako lilikuwa gumu, jani likapasuka kidogo wakati analifungua. Aliniangalia kama anauliza ni sawa, nikamwambia ni sawa.

Nimerudi nyumbani sijui, Irene. Sijui kama msamaha anaoufundisha mkosaji mwenyewe unahesabika. Anna angejua. Angelipokea bila kuelekezwa, au angeniacha nimeinama pale mpaka jioni, na vyovyote ningekuwa nimestahili.

Method ameliweka kwenye Biblia ya shangazi yake. Anaomba, ukija, umletee shina la ule mmea likiwa na mizizi, tupande kidogo, si ukuta. Muulize mzee Harlan kama ataruhusu. Na umwambie huyo mzee ampelekee binti yake jani, asingoje.

Baba yako mdogo,
Dunstan